Hamira ya Mama Ngoda

Swali la kuazima haliumuki. Mmeisikia leo kwa mwalimu wenu, mkacheka, mkauliza swali na vitumbua vinakutana wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Huko Lushoto, majira ya baridi, msichana aitwaye Zaituni alikuwa akiamka kila alfajiri kufunua sufuria ya rojo la vitumbua, kuona lilivyoumuka, kisha kuwasha jiko. Siku hizo aliamka amechoka. Chuo alichokiomba kilitaka kila mwombaji aandike kurasa mbili juu ya swali moja la kisayansi analotamani kulichunguza. Maandishi yasipopendeza, nafasi ilikwenda kwa mwingine. Siku ya kisa hiki, barua yake ilikuwa iondoke saa sita mchana, mkononi mwa binamu yake Shemweta, aliyekuwa akienda mjini.

Swali lenyewe alipewa na huyo Shemweta: kuna nini ndani ya mashimo meusi ya angani? Alimwambia wakubwa wa vyuo hupenda mambo mazito. Zaituni, kwa haya zake, akashukuru. Aliandika mara nne, akachana mara nne. Kila alipofika mstari wa sita, maneno yalimkauka.

Asubuhi hiyo akafunua sufuria, akakuta rojo limelala vilevile lilivyokorogwa. Akamwita mama yake. Mama akachungulia, akaketi kwenye kigoda. Jana yake hamira iliwaishia, wakaazima kwa jirani, Mama Ngoda. Sasa mama akatia kijiko cha hamira ile katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari, wakangoja. Hakikutoka hata kipovu kimoja.

“Imekufa hii,” mama akasema. “Mama Ngoda naye, anaazimisha hata maiti.”

Zaituni alitaka kucheka, akajikuta anauliza. Ilikufa lini? Ilikufaje, nayo imo ndani ya kopo lenye kifuniko? Mbona nzima na mfu zinafanana rangi na harufu? Na iliyo nzima, kwa nini husinzia kwenye baridi, ikaamka kwenye joto? Mama akaweka kikombe chini.

“Mwanangu, hayo mashimo yako ya angani uliwahi kuyauliza hivi?”

Zaituni akainamisha kichwa. Wateja walikuja wakarudi mikono mitupu. Mama akawaomba radhi mmoja mmoja. Zaituni akachukua daftari, akaketi kando ya jiko lisilo na moto, akaandika. Hakuchana kitu.

Saa sita Shemweta akafika. Akapokea karatasi, akasoma mstari wa kwanza, uso ukamkunjamana. “Hamira? Utawapelekea wasomi habari za jikoni? Swali langu liko wapi?”

Kwa kawaida Zaituni angesema samahani, akaomba arudishiwe karatasi zake. Wiki tatu neno lilikuwa limemkaa kooni, akichelea kumuudhi. Lakini siku hiyo alikuwa amechoka mno hata kuogopa.

“Kaka, swali lako ni zuri,” akasema polepole, “ila ni lako. Nimelikoroga wiki tatu, limelala tu. Swali la kuazima haliumuki.”