Kodi ya Bwana Ngiri

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mmekaa vizuri?"

"Tumekaa!"

"Kodi mmelipa?"

Mbona kimya? Basi sogeeni hapa, tuogope pamoja.

Bi Kalunguyeye aliishi Mchangani, kamji kadogo tu. Shimo unachimba mwenyewe, bure. Maji unachota kijitoni, bure. Lakini kitindamimba wake alikohoa, kho! kho! kho!, na mganga wa kifua yuko Majabalini, mji mkubwa. Basi akafunga kigunia cha karanga, akamuaga mama yake, akamshika mtoto mkono, akahama. Njia nzima moyo wake du! du! du! Zitatosha? Hazitatosha?

Majabalini kila shimo ni la Bwana Ngiri, yule mwenye meno yaliyopinda na tumbo lisilojaa.

"Shimo kiasi gani, mzee?"

"Kibaba cha karanga kwa mwezi."

"Na maji?"

"Kibaba."

"Na hiki kivuli cha mlangoni?"

"Si umeshakikalia? Nusu kibaba. Na unalipa miezi sita mbele, kwa mkupuo. Hapa si Mchangani, mama."

Akapiga hesabu. Kigunia kizima hakifiki miezi miwili! Mawingu yametanda, radi guduru! guduru! Mtoto kho! kho! kho! Aliogopa, jamani, aliogopa mpaka miiba ikamsimama.

Ndipo akacheka.

"Hiyo tu? Mzee, mbona unajipunja! Mchangani shimo vibaba vitatu. Maji vitatu. Kivuli vitatu. Na jua vitatu. Mimi nimekimbia bei!"

Masikio ya Ngiri yakasimama. "Hata jua wanalipia?"

"Wanalipia."

"Na wanatanguliza?"

"Mwaka mzima. Tena mwenye mashimo kafa juzi, hana mrithi."

"Unasubiri nini kuniambia! Kaa humu, nilindie mashimo yangu!"

Mkia juu, tiki tiki tiki, Ngiri huyoo, kapotea.

Mvua ikanyesha wenyewe wako ndani. Mganga akatibu kifua, mtoto akapona. Majirani wakakaa bure, wakamwimbia Bi Kalunguyeye nyimbo. Hata usingizi ukaanza kumjia.

Siku moja akatokea Kobe, jirani yake wa Mchangani, anahema.

"Mjomba Kobe! Nawe umehama?"

"Nimekimbia, binti yangu. Kaja Ngiri mmoja. Kijito kakiwekea lango. Jua tunalipia. Hata mimi mwenye nyumba mgongoni kanitoza kodi ya mgongo."

"Na mama yangu?"

"Yuko nje, kafukuzwa. Kaniagiza nikuulize: huku shimo kiasi gani?"

Bi Kalunguyeye alijikunja, akawa mpira.

Funzo lake, wanangu: usimdanganye mwenye nyumba, uongo haujamsaidia mtu hata siku moja. Mtoto yule alipona kwa bahati tu.

Hadithi yangu imekwisha. Atakayekwenda kuisimulia kwingine, aanze kwa kulipia kivuli alichokalia.