Pimbi, Kiboko na Hema la Juu ya Gari

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Gari.

Juu ya gari?

Hema.

Na kando ya gari?

Hema jingine.

Basi sogeeni. Wewe mwenye kikombe cha uji, kiweke chini kabisa, maana nikifika kwa Kiboko utakimwaga.

Hapo zamani, ila si zamani sana kwa sababu magari yalikuwepo, aliishi Pimbi. Pimbi ni yule mnyama wa mawe, mdogo, mnene kidogo, hana mkia na wala haoni haya kutokuwa nao. Alikuwa mama wa watoto wanne. Siku moja pango lao lilianguka, puu, jiwe la juu likakaa juu ya jiwe la chini, mlango ukapotea. Tangu siku hiyo watoto walihifadhiwa kwa jirani, chini ya kichaka cha miiba, na masika yalikuwa yameshaanza kunukia.

Pimbi akatafuta mahali. Akazunguka, akazunguka, akazunguka, mpaka akaona kilima cha kijani chenye mwamba, mwamba wenye ufa mzuri wa kuingia mama na watoto, na chini ya mwamba chemchemi ndogo inayosema pwi, pwi, pwi. Akasema, "Hapa."

Nyuma yake sauti nzito ikasema, "Hapa pangu."

Alikuwa Kiboko. Kiboko huyo alikuwa na madimbwi matatu. Moja la kuogea, moja la kulalia, na moja la kuwazuia wengine wasioge wala wasilale. Hata hivyo hakuweza kumwona mtu ameshika kitu bila mikono yake kuwasha.

"Mjomba," alisema Pimbi, "unayo matatu. Niachie hiki kidogo."

"Mpwa wangu, kama ni kidogo unakililia nini?"

Sasa, katika nchi ile ugomvi wa ardhi haukumalizwa kwa ngumi wala kwa karatasi. Mliogombana mlilala pale pale siku tatu, na asubuhi ya tatu mpima ardhi alikuja kuangalia nyasi. Nyasi zilizolala chini yako ndizo shahidi wako, na mahali hapo pamekuwa pako. Kila mnyama aliijua sheria hiyo tangu ananyonya, na Kiboko aliijua kuliko wote, kwa sababu ndivyo alivyopata madimbwi yake. Akilala yeye, nyasi haziamki mpaka mwaka unaofuata.

Pimbi alirudi akajaribu peke yake. Akajilaza kwenye nyasi, akajikaza, akajaza mashavu hewa ili awe mzito. Alipoinuka, nyasi nazo ziliinuka, tena zikajinyoosha kabisa. Pimbi akakaa chini akalia. Kilikuwa kilio cha kweli, maana aliwafikiria wanawe wanne na mvua inayokuja.

Alipomaliza kulia alinawa uso, akaanza kufikiri.

Mpima ardhi alikuwa Kobe. Mnamjua Kobe wa miguu, anayetoka leo kwenda kisimani akafika keshokutwa. Huyo msahau. Kobe akikaa kwenye usukani ni mtu mwingine. Alikuja na pikapu yake nyekundu, vruuum, kona, vumbi, vruuum, kona, kanga wamerukia porini, kwiii, akasimama pale pale kilimani.

"Nimechelewa?" aliuliza.

"Umewahi kwa siku tatu, Bwana Mpima," alisema Pimbi.

Kobe hakuwalaza wagombanaji nje kwenye umande. Alikuwa na mahema mawili, na alipenda sana kuyaeleza.

"Hili la juu limefungwa kwenye keria, juu ya paa la gari. Ukivuta mkanda linafunguka lenyewe, fyuu, na godoro limo ndani. Nyoka hakufikii, tope halikufikii, upepo wote ni wako. Ila linatikisika, ngazi yake haina huruma, na gari likiondoka, nawe umeondoka. Hili la chini unapigilia vigingi mwenyewe, unafagia kokoto, na mchwa watakuja kukujulia hali. Ila ndani unasimama wima, sakafu yake turubai pana, na gari likienda wewe umebaki. Mie nalala kwenye gamba langu. Mdogo achague kwanza."

Pimbi hakungoja. Tipu, tipu, tipu, alipanda ngazi, akaingia hema la juu, akajirusha kwenye godoro. Kisha akatoa pumzi ndefu ili Kiboko asikie. "Aaah."

"Shuka," alisema Kiboko.

"Nimechagua, mjomba."

"Shuka, hilo langu."

"Mjomba, jamani, chukua la chini, lina nafasi."

"Nikalale na mchwa? Mimi? Shuka."

Pimbi akalia. Hiki sasa hakikuwa kilio kile cha kwanza. Hiki alikipima kwa kijiko, kisizidi kisipungue. Akashuka taratibu, huku akigeuka kulitazama hema kila baada ya hatua moja.

Kiboko akapanda. Ngazi ikalia kwe. Akaweka mguu wa pili, kwe kwe. Akaweka tumbo, na gari lote likainama upande mmoja. Alipofika juu akavuta kamba apandishe na chakula chake, magunia matano ya maboga. Kobe akapiga honi.

"Keria yangu inabeba kiboko au inabeba maboga. Vyote viwili, hapana."

Kiboko akatazama magunia kwa huzuni. Pimbi akafuta machozi.

"Lete nikutunzie, mjomba. Nitayaweka hemani kwangu. Ukisikia njaa nitakupandishia boga kwa ndoo."

"Hutakula?"

"Mie nakula majani, mjomba."

Hapo hakudanganya. Basi magunia matano yakaingia hema la chini, na jioni Pimbi akafanya kazi. Akayafungua, akayaviringisha maboga, biringi, biringi, biringi, akayapanga kutoka ukuta huu wa hema mpaka ule, kona hii mpaka ile. Kisha akajilaza katikati yao, akalala.

Asubuhi ya kwanza Kiboko alichungulia. Macho mekundu, shingo imekwenda upande. Upepo ulikuwa umemtikisa usiku kucha, ndi, ndi, ndi, kama mtoto anayebembelezwa na mtu asiyempenda.

"Umelalaje, mjomba?"

"Kifalme."

Akatoa mguu mmoja aukanyage udongo kidogo, anyooshe mgongo. Pimbi akamwona. Mara moja akakunja blanketi lake, akalitia kwapani, akaja mbio kwenye ngazi.

"Unashuka? Asante sana, mjomba. Naja."

Mguu ukarudi ndani. Zipu ikafungwa, zriiip.

"Nani kashuka?" ilisema sauti ya Kiboko. "Leta boga."

Ndoo ikapanda. Ndoo ikashuka. Kiboko akakaa juu kutwa nzima, akalinda godoro. Mtaniuliza, na haja je? Hayo nayaruka, hapa wamo wakwe za watu. Nitasema tu kwamba Kobe alihamisha kiti chake mara mbili, halafu akafungua mwavuli.

Jioni Pimbi akayaviringisha maboga tena, biringi, biringi, biringi, akijiimbia kidogokidogo:

"Juu kuna upepo, upepo wa nani?
Wa mjomba, wa mjomba.
Chini kuna boga, boga la nani?
La mjomba, la mjomba.
Na nyasi, na nyasi?
Nyamaza, zimelala."

Asubuhi ya pili mambo yalitaka kuharibika. Kiboko alitoa kichwa kizima. Ngozi imemkauka, mdomo umening'inia.

"Mpwa, huko chini kukoje?"

Pimbi alikuwa anachuma majani.

"Kuna mchwa, mjomba."

"Mchwa tu?"

"Na kokoto."

"Leo nalala huko."

Pimbi akapiga hesabu. Usiku mmoja tu Kiboko alale chini, na kilima kingekwenda, ufa wa mwamba ungekwenda, na wanawe wangeoga mvua chini ya miiba. Alitamani kulia. Badala yake akatupa majani yote hewani, akacheza. Akazungusha kiuno, akazunguka gari mara tatu.

"Nilikuwa naona haya kukuomba, mjomba. Shuka upesi kabla hujabadili nia. Bwana Mpima, ushuhudie, mjomba ananipa hema la juu kwa hiari yake."

Kobe chini ya mwavuli akasema ameshuhudia.

Kiboko akasimamisha mguu hewani.

"Unafurahi nini?"

"Mie? Sifurahi." Na mabega ya Pimbi yaliendelea kucheza yenyewe.

"Kuna kitu huku juu."

"Hakuna kitu, mjomba."

"Siku ile ulipopanda ulisema aaah. Ulikiona. Mimi nimelala siku mbili sijakiona."

"Ni godoro tu, mjomba."

"Si godoro. Godoro nimelilalia, silo. Sishuki mpaka nikijue."

Zriiip. Siku hiyo nzima hema lilitikisika bila upepo. Kiboko aliinua mto akatazama, akainua godoro akatazama, akatoa kichwa dirisha hili, akatoa kichwa dirisha lile, akinong'ona, "Kiko wapi?" Gari likawa linasema nyii, nyii, nyii mpaka jua likazama. Pimbi alikaa hemani kwake ameuma blanketi ili asicheke.

Asubuhi ya tatu Kobe akavaa miwani, akachukua kamba ya kupimia, akatembea. Kutoka kwenye gari mpaka kwenye hema la chini ni hatua kumi. Tulikunywa chai, tukaosha vikombe, akafika.

Pimbi aling'oa vigingi, akayaviringisha maboga pembeni, akakunja turubai. Chini yake nyasi zilikuwa zimelala fofofo, mraba mpana, kona nne zimekamilika, hakuna hata jani moja lililoinua shingo.

"Mnyama mdogo," alisema Kobe, "malalo makubwa." Akazunguka kwenda kwenye gari, na sisi tukanywa chai ya pili. "Bwana Kiboko, zako ziko wapi?"

"Hizo hapo chini ya matairi."

"Hizo zimelazwa na matairi yangu. Unataka nimpe tairi kilima?"

Kiboko akachungulia matairi. Akakumbuka sheria aliyoijua tangu ananyonya. Akatazama kule chini, akaona maboga yake yameuzunguka mraba ule, moja moja, yamepangwa vizuri kama vikombe kabatini.

"Kilima ni cha Pimbi," alisema Kobe. "Na vilivyolala juu yake vimelala kwake. Nimemaliza. Shuka nikunje hema langu niende."

Hapo Kiboko angeshuka. Angeshuka akanguruma, akakanyaga, akalala papo hapo na tumbo lake lote, na nani angemwinua? Pimbi aliliona hilo. Akakimbia mpaka kwenye ngazi, blanketi kwapani, akainua uso kwa adabu.

"Basi mjomba, umeshakosa kilima, na hema niachie. Shuka. Mie nimeshajua kiko wapi."

Kiboko akaikamata ngazi kwa meno, akaivuta juu, akaiweka chini ya tumbo.

"Sishuki ng'o. Hema langu. Bwana Mpima, ondoa gari."

"Lazima nilikunje kwanza."

"Ondoa gari, kabla huyu hajaruka."

Kobe alishakaa kwenye usukani, na Kobe akishakaa hapo hana subira. Vruuum, kona, vumbi. Hema likapepea, masikio yakapepea, na sauti ya Kiboko ikawa inakwenda mbali: "Langu, langu, langu, kiko wapi?"

Pimbi akasimama kilimani mpaka vumbi likatua. Chemchemi ikasema pwi, pwi, pwi. Akacheka, akalia, akashindwa kujua anafanya kipi, kisha akakimbia kuwachukua wanawe. Walipoingia kwenye ufa wa mwamba, wa mwisho akiwa bado na miiba mgongoni, tone la kwanza la masika likaanguka, to.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba ukipewa kuchagua hema, chagua la juu, lina hewa safi. Na ujanja ni kitu kibaya sana. Mwoneni Pimbi. Mpaka leo amebaki kule kilimani na watoto wanne, maji baridi na lundo la maboga asiyojua hata kuyala. Kiboko mwenzake anatembea nchi nzima bure.

Hadithi nimeikunja, vigingi nimeng'oa. Aliyelala juu ashushwe, aliyelala chini afunikwe, na atakayesikia vruuum barabarani apishe.