Mama wa Furu

Hapo zamani, nanyi msiiweke mbali mno kwa kuwa baadhi yenu mlikwisha kuzaliwa, palikuwa na chuo kikuu kilichojengwa juu ya majabali kando ya ziwa. Humo alifundisha Profesa Kaijage, msomaji wa vinasaba, aliyezijua koo za samaki kama wengine wajuavyo koo za wakwe zao.

Sifa yake yote ilitoka katika kichupa kimoja. Ndani yake alisoma vinasaba vya furu mmoja, samaki mdogo wa ziwa lile, akakuta amebeba alama za koo mbili zilizokwisha kutengana. Akahukumu kwamba huyu ndiye aliyezizaa zote mbili, akamwita Mama wa Furu. Sanamu yake ya zege ikasimamishwa getini, na kila mhitimu akapigwa picha ameegemea pezi lake.

Profesa akafika umri wa kustaafu, na kiti chake kikatangazwa. Idara ile ilikuwa na desturi: aombaye kazi hupewa tone la kichupa kilekile akalisome upya, kisha ahutubie jopo na wanafunzi. Ilikuwa heshima tu, kama mgeni kumiminiwa maji ya kunawa, wala hapana aliyetazamia jibu jipya. Lakini maabara ilikuwa imepata mashine ngeni. Ya zamani ilisoma nyuzi zote za vinasaba kwa mkupuo. Hii ilisoma kila uzi peke yake.

Waombaji waliobaki walikuwa Daktari Salha, Daktari Mbonea na Daktari Nyanjige.

Salha alisoma, akashtuka. Alimwendea Profesa ofisini, akamwamkia, akafunga mlango, akamweleza kwamba kichupani hamna samaki mmoja, mna wawili. Aliyedhaniwa mama ni watoto wawili waliosagwa pamoja. Profesa aliikoroga chai yake hata ikapoa. Kisha akamwambia, "Mwanangu, niachie nilitamke mwenyewe, siku ya usaili, kabla yenu." Salha akaahidi.

Mbonea alisoma, akashtuka. Hakumwendea mtu. Alirudia kusoma, akarudia tena, jibu likawa lilelile.

Nyanjige alisoma, akashtuka kuliko wote. Nyuzi zilipojitenga mbele ya macho yake, alikumbuka kinu.

Siku ya usaili ikawadia, ukumbi ukajaa hadi madirishani. Profesa alifungua kikao kwa kuwakaribisha wageni, akaketi. Salha, aliyetangulia kuitwa, alimtazama. Profesa akaitazama meza. Basi Salha akahutubia juu ya konokono wa kichocho, akahutubia vizuri mno, na juu ya kichupa hakutia neno. Akapigiwa makofi.

Mbonea akasimama, akatandaza michoro yake ukutani.

"Waheshimiwa," alisema, "samaki aliye getini hakuwahi kuogelea. Ni wawili, waliochanganywa na mkono wa mtu."

Ukumbi ukalipuka kwa kishindo kama nyumba iliyoangukiwa na kabati la vyombo. Mwanafunzi mmoja wa nyuma alisema basi yule wa zege abomolewe, wapate pa kuegesha pikipiki. Mkuu wa Kitivo, mwenyekiti wa jopo, aliuliza kwa sauti iliyokauka kama huo ulikuwa udanganyifu. Mbonea akajibu kwamba yeye amesoma kilichomo; aliyekitia aulizwe mwenyewe.

"Niulizeni mimi," alisema Nyanjige, naye hakungoja kuitwa.

Akaeleza kwamba alipokuwa mwanafunzi wa Profesa, ndiye aliyewasaga furu wale. Siku ile maji yalikatika maabara. Alimsaga wa kwanza, akafuta mchi kwa kitambaa, akamsaga wa pili katika kinu kilekile. Hakujua alichokizaa mpaka alipokisoma juma lile. Lakini alipojua hakuishia kulia: alizitenga nyuzi, fungu huku na fungu huku. Samaki mmoja bado huuzwa sokoni. Wa pili ni wa ukoo ambao hakuna wavu uliouleta tangu sangara walipoenea na kuwala furu. Alama yake pekee iliyobaki duniani imo katika kichupa kile kilichoharibika.

Watu walikuwa hawajavuta pumzi, Profesa Kaijage akainuka.

"Msimwonee binti huyu," alisema. "Nami msinihurumie. Salha aliniambia mapema. Niliahidi kusema, nikafungua kinywa, kikanisaliti."

Hapo macho yote yakamgeukia Salha, yaleyale ya wale waliompigia makofi.

Jopo likajifungia na watatu hao, Profesa akiwa ameachwa nje, likamtaka kila mmoja aseme haki yake.

Salha akasema, "Nilimpa mzee nafasi ya kuanguka kwa heshima. Mwenye kutupa ahadi yake, kesho mtamkabidhi siri za nani?"

Mbonea akasema, "Dada yangu alinyamaza mbele ya wanafunzi; bila mimi wangetoka na uongo mkononi. Mimi sikumchukia mtu. Kiti hiki ni cha mwenye kusema kilichomo."

Nyanjige akasema, "Mwenzangu alijua kwamba kuna kosa. Mimi nimejua lilivyoingia, na nimetoa ndani yake samaki tuliyemzika bila jina."

"Kwa mchi usiooshwa," akasema Mbonea.

"Kwa mchi usiooshwa," akakubali Nyanjige.

Wajumbe waligawanyika, wakabishana hata adhana ya magharibi, na getini yule samaki wa zege akafunikwa turubai. Imebaki kura ya Mkuu wa Kitivo, naye ameshika kichwa.

Nanyi mliomaliza karanga zangu, msiondoke na midomo mitupu. Kiti ni kimoja, na kura ya mwisho nimeiweka mikononi mwenu: je, nani akikalie?