Dole Lisilo la Asajile

"Neno halijafika mpaka lirudi." Mmemsikia shangazi yenu Atupele akisema hivyo, mkacheka, eti neno lina miguu? Kaeni, wanangu, niwaambie lilikotoka. Simu hizo wekeni kando kidogo, hazitatoroka.

Tulikuwa tunajenga bweni la ghorofa tatu kule Tukuyu. Mimi nilibeba tofali. Shangazi yenu alikuwa msimamizi, na mdogo wake Asajile, ndiye baba yenu, alikuwa fundi wa plasta. Mnajua hasikii tangu utotoni. Wakati ule amri zilipokezanwa kwa kelele, wa chini akimpigia wa juu, na mvua ya Tukuyu ilimeza nusu ya maneno njiani. Kwa Asajile yalipotea yote.

Ndipo Atupele akaanzisha kundi la simu, kila fundi ndani. Siku ya kwanza Asajile alipopata amri sawa na wenzake, alitabasamu mpaka nikaona haya kumtazama.

Sisi wengine tulijibu kwa dole gumba, basi. Asajile hakuwahi kutuma dole. Mama yao alimzoeza kurudia kila alichoambiwa, ijulikane kwamba ameelewa. Dada akiandika, "Mchanga usogezwe," yeye huandika, "Mchanga usogezwe. Nasogeza." Tulimwita kasuku, naye akacheka nasi.

Sasa, plasta na simu havipatani. Mafundi wa plasta walimwachia simu zao Mwakyoma, mtu wa mashine ya zege, ili ujumbe ukiingia awapelekee. Mwakyoma alikuwa mtu mwema, ila alipenda mno kuwaridhisha wakubwa.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, fundi wa plasta akiwa Asajile peke yake, Atupele aliona udongo umedidimia chini ya nguzo za jukwaa la nyuma. Akaandika, "Jukwaa la nyuma limelegea. Shukeni wote." Madole yakamiminika, na la Asajile likiwemo. Wote tukatulia, isipokuwa dada yake. Alilitazama lile dole, uso ukambadilika.

"Huyu si mdogo wangu," akasema, akapanda ngazi mbio. Nami nikamfuata.

Tulimkuta Asajile juu ya jukwaa, pembeni mwa dirisha la ghorofa ya tatu, akisawazisha ukuta taratibu. Kumwita kusingesaidia kitu. Atupele akanyoosha mkono dirishani, akamgusa kiwiko polepole, asije akashtuka akarudi nyuma. Alipogeuka, akamwashiria: njoo. Mguu wake mmoja ulikuwa bado nje jukwaa lilipoanguka.

Tukaketi sakafuni watatu. Atupele alilia waziwazi, akimfuta plasta usoni kwa mkono wa shati lake. Kisha akamwuliza kwa ishara, "Hukupata neno langu?"

"Neno gani?" akajibu Asajile.

Tuliposhuka, Atupele aliinua simu mbele ya watu. "Hili dole ni la nani?"

Mwakyoma akainamisha kichwa. "Langu, dada. Nilijibu kwanza ili usingoje, nikijua naenda kumwambia. Mashine ikakwama, nikasahau."

Atupele hakumfokea. Nadhani angefokewa ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Mwakyoma, neno halijafika mpaka lirudi. Na alirudishe mwenyewe aliyepelekewa." Asajile akamwendea Mwakyoma, akamshika mabega, maana mwenzake alikuwa akitetemeka kuliko yeye.

Tangu siku hiyo madole yalikoma. Tukawa kasuku sote, na mafundi waliohamia kazi nyingine wakaenda na msemo huo mpaka ukazoeleka mjini.

Mimi msiniulize nilivyokuwa. Nilikuwa nimeona jinsi baba yenu angeweza kufa bila kujua kwamba nampenda. Jioni, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Ni yeye, ameandika, "Nataka kukuoa."

Sikutuma dole, wanangu. Nikaandika, "Unataka kunioa. Nimekubali."

Neno halijafika mpaka lirudi.