Wapiga Pembe wa Sultani Shambe

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akitaka kukutukana alilazimika kufunga safari mpaka mlangoni kwako, palikuwa na Sultani aitwaye Shambe, tajiri wa kupindukia na bahili kushinda utajiri wake. Alikuwa akikopesha watu fedha, na mdeni akichelewa hakumpeleka kwa kadhi. Alimpelekea wapiga pembe, mabaradhuli wawili wenye vifua vipana na haya haba, wakampulizia mlangoni na kumwita mwizi mbele ya wakwe zake.

Ikawa Vuai mshona viatu ameshindwa kulipa, akauhama mji kwa fedheha. Basi Sultani akaamuru, "Kila amjuaye mdeni naye ni mdeni. Mpigieni pembe mpaka alipe."

Pembe zikalia kwa kinyozi wa Vuai, zikalia kwa jirani zake, hata zikafika kwa Bi Time, mjane muuza vitumbua, ambaye kosa lake lilikuwa kushonewa viatu. Wateja wakamkwepa, naye akajifungia ndani, hali wala halali.

Bi Time alikuwa na mpwa wake, Mwinyikondo, fukara wa kanzu moja ambaye mji mzima ulimhesabu punguani. Alipomsikia shangazi yake akilia nyuma ya mlango, moyo ulimchoma, akaketi barazani kuwangoja wapiga pembe.

Walipofika wakamwuliza, "Wewe, wamjua Vuai?"

"Namjua kidogo, mabwana zangu. Lakini yuko amjuaye kunishinda mimi. Ajua jina la babake, ajua nyumba yake, hata fedha alizokuwa nazo azijua. Mbona mwahangaika na sisi tulioamkiana naye tu?"

Wapiga pembe walikuwa wakilipwa kwa kila mlango, wala hawakulipwa kwa kufikiri. Wakasema, "Tuongoze."

Akawaongoza hadi barazani kwa Sultani, aliyekuwa ameketi na mawaziri na wageni wa heshima. Mwinyikondo akainama. "Maulana, Mungu akupe umri. Je, wamjua Vuai mshona viatu?"

"Nitakosaje kumjua? Fedha alizokimbia nazo nalimhesabia kwa mkono wangu."

Mwinyikondo akawageukia wapiga pembe. "Amekiri."

Wakatazamana. Amri haikumtoa mtu, basi wakapuliza mpaka mapazia yakatikisika, wakanadi kwamba Sultani Shambe ni mwizi wa fedha za Sultani Shambe. Mgeni mmoja alicheka hata kilemba kikamdondoka.

"Nyamazeni," akasema Sultani.

"Mpaka ulipe, maulana," wakajibu, maana ndivyo walivyofunzwa.

Sultani akaona hana hila. Akaagiza mfuko wa fedha kutoka hazina yake, akautoa kwa mkono wa kulia na kuupokea kwa wa kushoto, uso umemwiva. Mwinyikondo akawaambia wageni, "Muwe mashahidi. Deni la Vuai limelipwa."

Amri ikafutwa papo hapo, na mawaziri wakamshikilia Sultani aende mwenyewe kwa Bi Time kuomba radhi. Akaenda kwa kunyata, akanong'ona kwenye upenyo wa mlango.

Bi Time akajibu kutoka ndani, "Sikusikii, maulana. Paza sauti, majirani nao wasikie."

Sultani Shambe akatazama huku na huku, akaona madirisha yote ya mtaa yamekwisha kufunguliwa. Akapaza.