Kachungu Kaitwako Test

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, enyi mliotuma maombi ya kazi mkajibiwa na ukimya!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha wafua shaba, fundi mkuu alifariki. Ngeleja, aliyemvukutia moto miaka saba, akajua tanuri ni lake. Miaka saba! Kope zimeungua, viganja vimeota magamba.

Akatokea Bwana Misifa, shemeji wa mtemi, katoka ng'ambo, Kiingereza kinamtoka puani.

"Tanuri halitolewi hivi hivi," akasema. "Kuna test!"

Test yenyewe sasa? "Taja mito mitatu ya nchi ya theluji."

Ngeleja, theluji yenyewe hajawahi kuiona. Kasanda, mpwa wake Misifa, akaitaja mbio mbio kama kasuku. Surprise, surprise! Tanuri akapewa Kasanda.

"Sorry, Ngeleja. Jaribu mwakani."

Ngeleja akafunga mzigo wake ahame. Bi Nyanzala, yule mfinyanzi mzee tunayemtaja mpaka leo, akamkuta njiani, akamshika mkono hadi barazani kwa mtemi.

"Baba Misifa, hiyo test maana yake nini?"

"Kupima, bibi."

"Neno lilizaliwa wapi?"

Misifa akatanua kifua. "Zamani huko ng'ambo, lilikuwa jina la kachungu ka udongo. Waliyeyushia madini humo, wajue lipi safi, lipi takataka."

Bibi akacheka, kwa! kwa! kwa! "Kumbe chungu! Yaani, mwanangu, umekuja kutuuzia chungu sisi wafinyanzi?"

Akaleta vyungu viwili, mawe ya shaba ndani. Mtemi akasema, "Haya. Wapimwe humo."

Vuku-vuku! Vuku-vuku! Kasanda akaona moto wa njano, akamimina. Likadondoka donge jeusi, pu!

Ngeleja akavukuta. Vuku-vuku! Jasho tiriri.

"Mimina basi!" watu wakapiga kelele.

"Bado."

Vuku-vuku! Vuku-vuku! Moto ukageuka kijani, alama ya shaba kuiva. Hapo ndipo akamimina. Shaba ikatiririka, nyekundu, inang'aa, haina doa.

Vigelegele! Mtemi mwenyewe akasimama. "Tanuri ni la Ngeleja!"

Kasanda akakabidhiwa mivukuto, aanze mwaka wa kwanza kati ya saba. Na Misifa? Akaomba maji ya kunywa. Kwa Kiswahili.

Basi, akupimaye, muulize kipimo chake kimetoka wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo, mdomoni mwa tanuri. Anayegawia wapwa zake kazi na asogee karibu, aote moto.