Bi Tunu Katumwa na Nani?

Isome hii mpaka chini kabla hujamtumia mwenzako, hasa yule apendaye kusifiwa.

Kulikuwa na mwandishi mmoja wa Tanga, jina lake Ngwali. Vitabu vyake vilijaa vumbi madukani, akasema basi, wasomaji nitawafuata masikioni mwao. Akaanzisha podikasti. Kila Jumamosi alisoma sura moja ya riwaya yake mpya, kisha akaomba maoni kwa ujumbe wa sauti.

Mwanzoni kimya. Halafu maoni yakamiminika. "Mwandishi wetu, sura ya leo imeniliza!" "Hongera, kaka, hukosei!" Ngwali akavimba kichwa.

Ila palikuwa na mwanamke mmoja wa Singida, Bi Tunu. Huyo hakuwa na dogo.

"Mwandishi, mjane wako bado amekaa eda, na wewe umeshampaka hina! Anampambia nani? Na yule mbuzi Karafuu, sura ya kwanza uliniambia kaliwa na fisi. Leo anakamuliwaje?"

Roho ikamchafuka Ngwali. "Huyu katumwa," akamwambia mkewe, Zawena. "Msomaji gani wa kawaida anakumbuka jina la mbuzi? Kuna mwandishi mwenzangu anataka kukitia mchanga kitumbua changu."

"Au kasikiliza tu, Baba Aziza," Zawena akasema, huku anapepeta mchele.

"Wewe huwajui watu!"

Tangu hapo kila neno la Bi Tunu alilipima. Akimsalimu, alijiuliza anataka nini. Akicheka, aliona anachekwa yeye. Siku alipouliza kitabu kitatoka lini, Ngwali akaruka kitini. Ahaa! Kumbe anataka kuniibia riwaya!

Jumamosi iliyofuata akamwanika hewani, kwa jina na kwa mji wake.

"Bi Tunu wa Singida, kamwambie aliyekutuma kwamba Ngwali si mtoto. Nimekushtukia!"

Bi Tunu hakutuma maoni tena. Sifa zikaendelea, na Ngwali akalala usingizi mnono.

Wiki ile akataka kuziunga zile sifa ziwe utangulizi wa kipindi. Akavaa hedifoni, akaongeza sauti. Mzee mmoja alikuwa akisema, "Mwandishi wetu, sura ya leo..." Nyuma yake mwanamke akanong'ona: "Sema imekuliza. Haya, sema!"

Ngwali akairudia. Akafungua ujumbe mwingine, na mwingine. Mnong'ono ulikuwa uleule. Sauti ilikuwa ya Zawena.

"Mke wangu, watu hawa ni nani?"

Zawena akaketi. "Shangazi zangu na wajukuu zao. Na yule mzee fundi friji wa pale kona. Mwanzoni hukuwa na msikilizaji hata mmoja, ukawa huli, hulali. Nilikuonea huruma, Baba Aziza."

"Wote?"

"Wote."

"Na Bi Tunu? Naye ulimtuma wewe?"

"Huyo simjui. Huyo alikuja mwenyewe."

Ngwali akaipiga namba ya Bi Tunu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena siku ya pili, ikaita vilevile. Akatuma ujumbe wa kuomba radhi. Ukasomwa, haukujibiwa.

Funzo: Anayekukosoa amekusikiliza kwanza. Kabla hujamuuliza katumwa na nani, waulize na wanaokusifu.